Yule Binti wa Kizambia

Uyole, Mbeya
10 Juni 2024

Mkamwana Severina,

Salamu. Sisi huku hatujambo, ila baridi inatukomoa, na goti la mama yako mkwe Esnath linamsumbua kila asubuhi. Mjukuu wangu Damari anaendeleaje? Kile kikohozi cha Pasaka kiliisha? Nawe natumaini u mzima.

Haya, salamu zimekwisha.

Jana tukitoka ibadani Shedrack alinionyesha tangazo limebandikwa kwenye nguzo karibu na duka la mbolea. Tamasha la baleti, Jumamosi tarehe 13 Julai, uwanja wa shule hapa hapa Uyole. Yanakuja makundi matatu: la Dar es Salaam, la Lusaka, na la mwisho kabisa Kundi la Gangilonga kutoka Iringa. Kwenye picha ya hilo la Iringa yupo mwanamke amesimama kwa ncha za vidole, uso ameugeuzia pembeni. Shedrack kaniambia, "Baba, huyu ni shemeji Severina." Nikageuza kichwa pale pale barabarani. Watu wakadhani nimeumwa na mdudu.

Tangu uolewe na marehemu mwanangu Peter sijawahi kukutazama usoni. Kwetu Wanyakyusa mkamwana haonekani na baba mkwe. Ndivyo tulivyokuta na ndivyo tunavyokwenda. Ukisikia nakohoa unapita kando, nami nikiona kitenge chako nageuka. Hata msibani kwa Peter ulikaa umejifunika gubigubi, mimi nikakaa upande wa wanaume. Simu sikupigii kwa sababu sauti yako haitakiwi kuingia sikioni mwangu, ndiyo maana nahangaika na kalamu na Shedrack anahangaika na bahasha kwenye lori. Adabu yote hiyo ya miaka, halafu wewe upande jukwaani mtaani kwangu, umevaa soksi za kupanda hadi kiunoni, unarusha miguu?

Kungekuwa na kiingilio nisingepoteza wino. Nawajua washarika wangu, hakuna ambaye angelipa. Lakini wameandika BURE kwa herufi za kumfaa kipofu, na kwa neno hilo watakuja wote, na kwaya, na mchungaji, na mbwa wao.

Usije. Sikuombi, nakuambia.

Mimi baba mkwe wako,
Jailos


Kihesa, Iringa
16 Juni 2024

Baba mkwe,

Shikamoo. Kamwene, kama tunavyosalimiana kwetu. Barua imefika, Shedrack alinipa hata lori hajalizima. Pole na baridi, na Mama mpe pole ya goti, mwambie akande kwa maji ya chumvi. Damari hajambo, kikohozi kiliisha siku nyingi. Ana jino moja limeng'oka mbele na anamwonyesha kila mtu pengo barabarani. Mimi mzima.

Nitakuja.

Baleti sikuianza juzi. Nilifundishwa na sista mmoja Mtaliano nikiwa shule ya msingi hapa Iringa, ukumbi wa parokia, tukishikilia madirisha kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kushika. Peter alinikuta nacheza. Alinioa nacheza. Alipokuwa kazini kule kiwandani Mgololo, akirudi mwisho wa mwezi alikuwa anakaa nyuma ya ukumbi na njaa yake akinisubiri nimalize. Mwanao hakuona aibu, sasa wewe aibu umeipata wapi?

Mila yenu nimeitunza, Baba. Mimi Mhehe, kwetu baba mkwe anasalimiwa na kuandaliwa ugali kama baba. Lakini nilipoambiwa nijifiche nilijificha. Nimelala jikoni kwenu ili usinikute sebuleni. Nimepita kwenye shamba la viazi lenye umande, na mimba ya Damari tumboni, kwa sababu wewe ulikuwa umekaa njiani unaota jua. Sikuwahi kulalamika. Usinifundishe adabu.

Kwa taarifa yako, Damari naye atacheza. Watoto wa makundi yote ndio wanaofungua. Kama unataka kumwona mjukuu wako, njoo. Bango linasema sisi ni wa mwisho. Wakishashuka Walusaka, inuka uende nyumbani. Macho ni yako na shingo ni yako.

Wako,
Mama Damari


Uyole
24 Juni 2024

Severina,

Salamu kwa mtoto. Nasi wazima.

Barua yako niliisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Ama kweli ninyi Wahehe mna hasira, lakini hasira haijengi nyumba.

Sasa sikiliza. Damari ni wa kwetu. Mahari ilitoka, jina analobeba ni la mama yangu mzazi, na baba yake amelala kwenye ardhi yangu. Nilimwacha kwako baada ya msiba kwa huruma, nikasema mtoto mdogo asitengwe na mama yake. Sikumwacha ili afundishwe kurusha miguu mbele za watu kabla meno hayajakamilika.

Ukipanda jukwaa hilo, ukoo utakaa Jumamosi ya tarehe 3 Agosti hapa nyumbani kwangu, na Januari Damari ataanza darasa la kwanza Uyole, akilala chini ya paa langu. Kaka zangu nimeshawaambia. Chagua miguu yako au mwanao.

Baba mkwe wako


Kihesa
2 Julai 2024

Baba mkwe,

Shikamoo. Hatujambo.

Mtoto si debe la mahindi, kwamba mvua ikinyesha unalihamishia ghala lingine. Damari ana kitanda chake, ana rafiki zake, ana kuku anayemwita kwa jina. Usiku akiota baba yake anakuja kulala na mimi. Huko kwako akiota atakwenda kwa nani? Kwako wewe unayekohoa ili watu wapishe?

Tangu niisome barua yako sijala vizuri. Ninakuambia ili ufurahi. Naogopa, ndiyo. Wanaume wa ukoo wakikaa wakaamua, mimi mjane wa kabila lingine nitasema nini na nani atanisikiliza? Nalijua hilo, nawe unalijua, na ndiyo maana umeliandika.

Lakini nitacheza. Ngoma yenyewe nimeitunga mimi na kuna sababu ya kuichezea Mbeya na si kwingine. Nikiogopa leo, kesho utaniambia nisifundishe watoto, keshokutwa nisicheke kwa sauti. Kaa na ukoo wako.

Mama Damari


Uyole
15 Julai 2024

Severina,

Salamu. Goti la mama yako mkwe limeamka vizuri wiki hii. Damari nilimwona, ameongezeka kimo. Alicheza vizuri, sitasema uongo, mkono wa kushoto anaunyanyua kama baba yake alivyokuwa akinyanyua jembe. Baada ya hapo walimu waliwaweka watoto nyuma ya jukwaa. Nilikwenda kumnunulia mahindi ya kuchoma, foleni ndefu, nikampelekea, mama mmoja mwenye kitambulisho akayapokea na kunifukuza.

Nakuandikia nikiwa na furaha, kwa hiyo soma kwa makini, maana sijui kama utaipata tena kutoka kwangu.

Nilikuja kwa ajili ya mtoto tu. Lakini wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, nikabaki. Wale wa Dar walicheza, wanaume wanabeba wanawake kama magunia, sikuona maana. Niliporudi kutoka kwenye mahindi wakawa wamepanda wa Lusaka. Spika ilikuwa inakwaruza, mtangazaji huelewi anasema nini, lakini bango nilikuwa nimelishika kichwani: Dar, Lusaka, halafu ninyi.

Severina, katika wale Wazambia kulikuwa na binti mmoja. Alitoka peke yake na shati la mwanamume mkononi. Akawa analikunja, analiweka chini, anakwenda, anarudi, analikunjua, analikunja tena, kama mtu anayemngoja mwenye shati aje avae aende kazini. Hakuna aliyekuja. Ni hayo tu. Lakini alivyokuwa akiyafanya hayo, anapaa na kutua bila kishindo, hata wauza karanga waliweka sinia zao chini wakatazama. Nguo zilibana, ndiyo. Ila ukiitazama kazi yake unasahau nguo. Mimi nilimkumbuka Peter. Tangu tumzike sikuwa nimelia, nilijua watu wananiangalia mzee wa kanisa anafanyaje. Juzi nililia uwanjani mchana kweupe nikajifuta kwa kofia.

Alipomaliza watu wakaanza kupanda kumtuza. Nami nikapanda. Mfukoni sikuwa na kitu cha maana, na binti mwenyewe anatetemeka kwa upepo wa Uyole, nikavua koti langu la sufi nikamvisha mabegani. Nikamshukuru kwa lugha yetu, "Ndaga, mwanangu." Hakujibu, aliinamisha kichwa tu. Nikajua hajui Kinyakyusa. Lakini ile heshima ya kuinamisha kichwa! Huyo kalelewa. Huyo ana wazazi.

Nilishuka nikaenda zangu nyumbani, maana waliofuata ni ninyi na sikutaka kuharibu macho yangu.

Nakuambia hivi ujue kwamba sina ugomvi na baleti. Nina ugomvi na wewe. Damari angekuwa na mama kama yule binti wa Kizambia, nisingekuwa na neno. Ningemwachia mtoto mpaka aolewe, na ukoo ningeuambia unyamaze. Hilo naliandika kwa mkono wangu na jina langu naliweka chini.

Kikao ni tarehe 3 kama nilivyosema. Njoo na nguo za mtoto.

Jailos, baba mkwe wako


Kihesa
19 Julai 2024

Baba mkwe,

Shikamoo. Wazima huko? Sisi wazima. Damari anakushukuru kwa mahindi, alikula yote mawili.

Walusaka walikwama Tunduma. Malori yalijaa mpakani, basi lao likasimama tangu alfajiri. Waandaaji wakatuomba Gangilonga tupande nafasi yao, wao wakaja kucheza mwisho jioni. Mtangazaji alilisema mara mbili. Wewe ulikuwa kwenye foleni ya mahindi.

Hapakuwa na binti wa Kizambia, Baba. Yule uliyemwona ni mimi.

Koti lako la sufi limetundikwa hapa nyuma ya mlango wangu. Lina kifungo kimoja cheusi na vingine vya kahawia, na mfukoni kuna pipi za kifua na tiketi ya kwaya. Kama huamini, muulize Mama. Alikuwa amekaa na kina mama wa kwaya mstari wa pili, na mimi uso wangu anaujua.

Nilikuona ukipanda. Nilikujua kabla hujafika, kwa sababu unatembea kama Peter, bega moja mbele. Ningeweza kukimbia. Nilijua mila inataka nikimbie. Lakini nilikuwa nimechoka, Baba, na shati lile mkononi mwangu lilikuwa la Peter, lile la mistari ya bluu alilokuwa akivaa Jumatatu akirudi Mgololo. Ile ngoma ni ya kwake. Nimeitunga mwaka mzima. Nilitaka ichezwe mahali alipozaliwa na alipolala, basi. Nikasema moyoni, acha baba yake aje. Ukanivisha koti, ukaniita mwanangu. Sikukujibu kwa sababu tangu nimeingia nyumbani kwako hujawahi kuitaka sauti yangu.

Niliinamisha kichwa kwa sababu nilikuwa nalia. Usiseme ni heshima.

Nilifika nyumbani nikiwa na furaha ya kijinga. Nilidhani umenijua. Njia nzima, Makambako, Mafinga, nimejifunika koti lako, namwambia Damari babu yako ametukubali. Halafu Shedrack akaleta barua, nikaisoma nimesimama, nikaona ulimvisha koti mwanamke mwingine, na kwamba mimi bado unataka nije na nguo za mtoto. Hakuna mtu aliyewahi kunitukana vibaya kama ulivyonisifu.

Lakini umeandika. "Damari angekuwa na mama kama yule, ningemwachia mtoto mpaka aolewe, na ukoo ningeuambia unyamaze." Jina lako liko chini. Tarehe 3 sitakuja na nguo za mtoto. Nikiitwa, nitakuja na koti na barua, nitasimama mbele ya kaka zako bila kujifunika na nitawasomea kwa sauti. Waamue nani amevunja mila, anayecheza au anayevisha.

Mimi,
Mama Damari


Kihesa
12 Agosti 2024

Baba mkwe,

Shikamoo.

Tarehe 3 imepita. Nilikaa tangu asubuhi nimevaa nguo za safari, koti nimelikunja kwenye mfuko, namngoja Shedrack aje kuniita. Hakuja. Wiki iliyofuata kila niliposikia lori likipita Kihesa nilitoka nje. Juzi amepita, nikamuuliza ukoo umeamua nini, akasema yeye hajui, ameambiwa afunge mdomo. Bahasha hana.

Umezoea kunigeuzia kichwa, nami nimezoea. Lakini hili ni la mtoto. Shule wanataka jina la Damari kabla ya mwezi kwisha, na mwalimu ananiuliza anaanza hapa au haanzi. Nachukia kukuomba. Nakuchukia na wewe kidogo, Mungu anisamehe. Nijibu hata kwa matusi.

Mama Damari


Uyole
1 Septemba 2024

Severina,

Salamu. Baridi imepungua, tunapanda viazi. Goti la mama yako mkwe limepona kabisa, nadhani limepona kwa kucheka. Alijua tangu siku ile. Alinipikia, akanisikiliza nikimsifu Mzambia mezani wiki nzima mbele ya wageni, akaniongezea mboga, akanyamaza. Nilipomuuliza kwa nini, akasema alitaka kuona nitafika wapi.

Nilichelewa kujibu kwa sababu kila nilichoandika nilikichana.

Usidhani tumepatana. Ulikosa adabu. Mkamwana mwenye malezi angekimbia, hata kama angevunjika mguu kwenye zile ngazi za jukwaa. Wewe ulisimama, ukainama, ukaniacha mzee mzima nivue koti langu nikuvike wewe, mbele ya mchungaji. Hilo sijakusamehe na sijui kama nitakusamehe. Nami nilitazama. Kwa mila nisingepaswa, na ningejua ni wewe nisingetazama hata kwa jicho moja. Lakini nilitazama tangu mwanzo hadi mwisho, na nilitaka uendelee. Ningekuwa na namna ya kulitoa hilo kichwani ningelitoa. Nimejaribu hata kwa maombi.

Lile shati nilimnunulia mimi, sokoni Mwanjelwa, alipopata kazi Mgololo. Nilimpa akalivaa pale pale juu ya fulana. Halafu nimekaa mbele yake uwanjani nikaliona shati la Mzambia. Hilo limeniumiza kuliko yote uliyoniandikia, na umeniandikia mengi.

Ukoo ulikusanyika. Kaka zangu walifika na makoti yao na maneno yao. Niliwapa chai, nikawaambia jambo la mtoto limekwisha. Mkubwa wetu akauliza limekwishaje bila kikao. Nikamwambia anywe chai. Amekasirika, hasalimii kanisani. Hiyo ni gharama yangu, wewe haikuhusu.

Niliandika nilichoandika na mate niliyotema siyalambi. Damari ataanza shule kwenu. Mwambie mwalimu. Atabaki na wewe mpaka aolewe, kama ilivyo kwenye barua, na mimi nikifa mwonyeshe Shedrack hiyo barua asije akakusumbua.

Desemba shule zikifungwa, mtoto aje kututembelea. Miaka yote ulikuwa unamkabidhi kwa Shedrack pale stendi, wewe unabaki ndani ya basi ili mimi nisikuone. Mwaka huu Shedrack hatakuwepo, nitakuja kumpokea mwenyewe. Shuka naye. Usijifunike. Nimekwishatazama mara moja bila kujua ninayemtazama, na mimi si mtu wa kufanya jambo nusu.

Babu yake Damari